Ndumilakuwili wa Kariakoo: Nusu laptopu, nusu tableti, nimchukue au nimwache?

Nusura leo nikuletee kilio badala ya makala. Jumamosi moja nilikuwa pale Kariakoo, laki saba taslimu ndani ya pochi, pochi ndani ya mkoba, mkoba nimeukumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Mbele yangu kijana muuzaji anafanya mazingaombwe.

Mazingaombwe yenyewe ni haya. Alikuwa na laptopu ndogo, nyembamba, rangi ya fedha. Akaifungua, akaandikaandika, akaniangalia usoni. Kisha akashika kioo kwa vidole viwili, akakivuta taratibu, tap! Kikachomoka. Kibodi ikabaki mezani, kioo kikabaki mkononi mwake, kimeshakuwa tableti. Akaanza kuperuzi kwa kidole huku anatembeatembea dukani kama mkurugenzi.

"Dada, hii ni mbili kwa moja," akasema. "Kazini laptopu, kitandani tableti. Unanunua kimoja unapata viwili. Bei yake laki saba na nusu, ila kwa vile wewe ndiye mteja wangu wa kwanza leo, lete saba."

Mteja wa kwanza, saa nane mchana! Lakini sikufichi msomaji wangu, moyo ulidunda. Nilishajiona nimekaa mahali Posta, kifaa mezani, watu wananitazama na kujiuliza yule dada ni nani. Mkono ukaanza kufungua zipu ya mkoba wenyewe.

Niliondoka pale bila kulipa hata senti. Kilichonitoa ndicho ninachotaka kukusimulia leo, maana najua mko wengi mnaokitamani kitu hicho hicho kwa sababu zile zile.

LUKU ILIVYONIUMBUA

Kwanza uelewe nilifikaje pale. Mimi si mtu wa ofisi. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya kawaida tu, nikashika kalamu. Naandika safu hii, nachapia watu barua za maombi ya kazi, natengeneza katiba za vikundi vya akina mama na matangazo ya saluni. Nalipwa kwa kazi iliyotoka. Isipotoka, sina changu.

Laptopu yangu nilirithi kwa binamu. Kibodi nzuri, kioo kizuri, ila betri ilishakufa siku nyingi. Ukichomoa waya inazima papo hapo, kama taa.

Sasa usiku mmoja nyumbani Tandika nilikuwa namalizia makala ya kuwasilisha asubuhi. Saa tano na robo, giza! Ndugu yangu, haukuwa umeme kukatika mtaani, maana kwa jirani taa zinawaka. LUKU imeisha! Nyumba yetu ina vyumba sita na mita moja, na aliyekuwa na zamu ya kununua alikwenda msibani. Kwenye simu nilikuwa na shilingi mia nne. Nani nimwamshe usiku ule nimwombe hela ya umeme?

Aya zote nilizoandika tangu saa nne zikaenda na maji, kwa sababu sikuwa nimezihifadhi. Nikaanza upya kwa simu, kwa dole gumba, mpaka chaji ya simu nayo ikaniaga. Asubuhi makala ilipofika mezani kwa mhariri, ukurasa ulishajazwa na mwingine. Simlaumu, gazeti halimsubiri mtu. Ila hela ya wiki ile ilipita kando, na hiyo ndiyo ingekuwa kodi yangu ya chumba. Mama alinitazama, hakusema neno, akaingia ndani akatoa hela yake ya unga wa vitumbua.

Siku ile ndipo nilipoingia mchezo. Tuko watu kumi, kila mmoja elfu sabini kwa mwezi. Zamu yangu ilikuwa ya saba, na miezi miwili mama alinijazia. Kwa hiyo ukiniona nimekumbatia mkoba Kariakoo, usifikiri ni maringo. Ndani mna jasho la miezi saba, langu na la mama.

NDUMILAKUWILI ALIZALIWA LINI?

Wazo la kompyuta ya kubeba kama daftari si la jana. Mwaka 1972 mtaalamu wa Marekani, Alan Kay, aliandika kuhusu kompyuta ndogo bapa aliyoiita Dynabook, ambayo aliifikiria kwa ajili ya watoto wa rika zote. Haikutengenezwa, teknolojia ya wakati ule haikufika huko. Mwaka 2002 Microsoft ikaleta Windows ya tableti inayotumia kalamu maalumu. Zilikuwa nzito na ghali, hazikuvuma. Mwaka 2010 Apple wakatoa iPad, na dunia nzima ikajifunza kutelezesha kidole kwenye kioo.

Hapo ndipo watengenezaji walipoanza kuoanisha. Mwaka 2011 Asus wakatoa Transformer, tableti ya Android unayoichomeka kwenye kibodi yake. Mwaka 2012 zikaja mbili zilizoweka njia mpaka leo. Ya kwanza ni Surface ya Microsoft, ambayo kompyuta yote iko nyuma ya kioo, ina kiguu cha kuisimamisha, na kibodi ni jalada unalolibandika na kulibandua. Ya pili ni Yoga ya Lenovo, ambayo kioo hakitoki, ila bawaba yake inageuka mzunguko mzima mpaka mgongo unagusana na mgongo.

Kwa hiyo unaposikia "mbili kwa moja" kumbuka kuna koo mbili: wa kuchomoka na wa kujipindua. Usiwachanganye, tabia zao ni tofauti kabisa.

Tena usidhani waliozitengeneza walipatia siku ya kwanza. Surface ya mwanzo kabisa ilitumia Windows RT, ambayo kwa macho ilifanana na Windows tunayoijua lakini ilikataa kuwekewa programu za kawaida za Windows. Watu wakaikwepa, na Julai 2013 Microsoft ikatangaza hasara ya dola milioni 900 kwa mzigo huo. Wale wana hela, walijifuta machozi wakatengeneza nyingine. Mimi nikikosea laki saba nitajifuta na nini?

MAPAJA YANGU YALIKATAA

Turudi dukani. Nikamwambia kijana, "Kaka, naomba niikalie kwanza."

Akacheka, akanipa stuli. Nikaweka kifaa mapajani, nikafungua kile kiguu cha nyuma, nikaanza kuandika. Kiguu kikatafuta pa kukanyaga, kikakosa, maana mapaja yangu ni mafupi. Kioo kikalala chali. Nikakiinua. Kikalala tena. Kibodi nayo, kwa kuwa ni jalada jembamba, ikawa inabonyea katikati kila nikigonga herufi.

"Dada, hii ni ya mezani," kijana akasema.

"Si umeniambia ni ya popote?"

"Popote penye meza."

Hapo nikafunga zipu ya mkoba. Maana mimi meza yangu ni ipi? Naandikia kwenye benchi la hospitali nikimsindikiza mama kliniki, naandikia kwenye ngazi za nyumba, naandikia Mbagala kwenye kiti cha plastiki nikisubiri mteja wa barua. Mahali pangu pa kazi ni mapaja. Kifaa kisichokubali mapaja hakinifai, hata kingekuwa na kioo cha almasi.

Nikamwuliza mambo mengine mawili. Kwanza, prosesa ya kizazi gani? Akanionyesha: i5, halafu tarakimu zinaanza na 6. Msomaji, hapa ndipo wengi tunaliwa. Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa upande wa prosesa za Intel, inapokea kwa kawaida kuanzia kizazi cha 8. Ile ya kizazi cha 6 haitazima, itawaka na kufanya kazi, ila iko nje ya orodha ya mwenye Windows. Watu wanailazimisha, na fundi atakuwekea ukitaka, lakini unakuwa umeingia kwa dirishani. Kifaa cha kuingilia benki na barua za wateja si cha kukosa viraka vya usalama.

Pili, memori ni ngapi na inaongezeka? Akajibu ni gigabaiti 4. Kuhusu kuongezeka akakuna kichwa. Nitakujibu mimi kwa niaba yake: kwenye hizi za kuchomoka, memori huwa imechomelewa kwenye bodi. Ulivyonunua ndivyo utakavyozikwa nayo. Na gigabaiti 4 kwa Windows ya leo, ukifungua kurasa sita za intaneti na hati moja, utanywa chai ukisubiri.

FUNDI ANENA

Nikatoka nikapita kwa fundi wangu, kaka mmoja anayekaa kwenye kibanda na miwani ya kukuzia. Nikamweleza. Akaweka chini chuma chake cha kuchomelea.

"Dada yangu, betri ya hiyo iko wapi?"

"Si ndani."

"Ndani nyuma ya kioo, imebandikwa kwa gundi. Kuitoa inabidi nipashe kioo moto gundi ilegee, nichokonoe pole pole. Nikiteleza kidogo, kioo kimepasuka. Ukiniletea laptopu ya kawaida nafungua skrubu, natoa betri, naweka nyingine, umalizie soda yako uondoke."

Nilipofika nyumbani nikafuatilia, nikakuta hakunidanganya. Kampuni ya iFixit ya Marekani, ambayo kazi yake ni kufungua vifaa na kuvipa alama za urahisi wa kutengenezeka, mwaka 2013 iliipa Surface Pro ya kwanza alama 1 kati ya 10. Matoleo ya miaka ya karibuni yamerahisishwa zaidi, lakini yanayofika kwetu kwa bei ya mtumba ni yale ya zamani. Na mtumba maana yake betri imeshatumika miaka na miaka. Mimi niliyeumbuliwa na betri iliyokufa, niende kununua betri ya zamani iliyogundishwa? Si ningekuwa nimehama kwenye tope nikaingia kwenye matope?

DAFTARI LA WIKI MOJA

Bado roho ilikuwa inavuta. Kitu kizuri ni kizuri, jamani. Basi nikafanya jambo moja ambalo nakushauri nawe ulifanye kabla hujatoa hela. Nilichukua daftari la kurasa 40, wiki nzima nikaandika kila nilipogusa simu au kompyuta: nafanya nini, wapi, muda gani.

Jumapili nikapiga hesabu. Kuandika kwa vidole kumi, saa kumi na nane. Kusoma na kuperuzi, saa tisa, lakini karibu zote ni kwa simu, nimesimama kituoni au nimebanwa kwenye daladala, ambako hata tableti nisingethubutu kuitoa. Kuchora au kuandika kwa kalamu kwenye kioo, sifuri. Kuangalia filamu kitandani, usiku mmoja, nikasinzia katikati.

Daftari likaniambia ukweli ambao muuzaji asingeweza kuniambia: ile nusu ya tableti ningeilipia lakini nisingeitumia, na ile nusu ya laptopu ninayoihitaji ndiyo ingekuwa dhaifu.

Hata hivyo sitaki uondoke hapa ukisema dada kakataza. Nina shoga yangu anabuni nguo. Yeye anachora gauni kwa kalamu juu ya kioo mbele ya mteja, anabadilisha rangi, mteja anasema hapo hapo. Kwake kioo cha kuchomoka ni mkono wa tatu. Mwanafunzi wa hesabu au fizikia anayetaka kuandika kanuni kwa mkono, vilevile. Anayezunguka kujaza fomu, ndiyo kabisa. Si mnakumbuka Sensa ya Agosti 2022? Karani alikuja uani kwetu na kishikwambi, akamhoji mama amesimama, anagusa na kuandika majibu mafupi, kamaliza, huyo nyumba ya pili. Angekuja na laptopu angehitaji mtu wa kumshikia. Lakini mpe karani yule yule kishikwambi kile aandike ripoti ya kurasa kumi, uone atakavyolia.

Na kama roho imekataa kabisa kutulia, basi tazama ukoo wa kujipindua. Yule mapajani anakaa imara kama laptopu yoyote, kwa sababu kibodi yake ndiyo iliyobeba mwili. Ubaya wake ni uzito. Tableti ya inchi 10 huwa karibu nusu kilo, ila wa kujipindua wa inchi 13 mara nyingi hupita kilo moja. Ukimshika kama tableti robo saa, kiganja kinaomba msamaha.

UKIENDA DUKANI, USISAHAU HAYA

Moja, uliza kama kibodi na chaja vimo ndani ya bei. Za kuchomoka mara nyingi kibodi huuzwa kando, na kalamu nayo kando.

Mbili, kalia stuli. Weka mapajani, andika ukurasa mzima, siyo jina lako tu.

Tatu, soma kizazi cha prosesa. Kwa Intel nyingi za miaka ile, tarakimu ya kwanza baada ya i5 au i7 ndiyo kizazi: 6300 ni cha 6, 8250 ni cha 8. Zikiwa tano, kama 10210, basi ni cha 10.

Nne, memori isipungue gigabaiti 8 kama haiongezeki.

Tano, chomoa chaja dukani. Acha iwake nusu saa huku mnapiga soga, uone asilimia zinavyoshuka. Na kiangalie kioo kwa ubavu. Kikiwa kimebinuka, betri imevimba, kimbia.

Sita, tazama kama inachajika kwa tundu la Taipu-C. Ikiwa ndiyo, pawabenki yenye nguvu ya kutosha inaweza kukuokoa usiku. Hesabu yake rahisi: miliampia 20,000 zidisha kwa volti 3.7 ni kama wati-saa 74. Laptopu nyingi ndogo zina betri ya wati-saa 40 hadi 50, kwa hiyo hata zikipotea kidogo njiani, unapata chaji kamili moja. Ila pawabenki iwe ya kutoa wati 45 na kuendelea. Zile ndogo za simu, laptopu itazitazama tu.

MWISHO WA HADITHI

Mama alinikuta nimeinamia daftari langu. Nikamweleza yote, laptopu, tableti, bawaba na gundi. Akasikiliza, kisha akauliza, "Mwanangu, hela ile tuliichanga kwa ajili ya nini?"

"Ili giza likiingia nisiache kuandika, mama."

"Basi kanunue hicho."

Nimeandika kurasa mbili kukueleza jambo ambalo mama alilimaliza kwa pumzi moja!

Jumatatu nikarudi Kariakoo, duka jingine. Nikachukua laptopu ya mtumba, nyeusi, haina mvuto hata kidogo, imeshatumika kwenye ofisi za watu huko Ulaya. Kizazi cha 8, memori 8, betri inatoka kwa skrubu, tundu la Taipu-C lipo. Laki tano na ishirini. Pawabenki laki moja na ishirini. Zikabaki elfu sitini, nikampa mama za unga. Alizipokea, akazihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la khanga.

Makala hii niliianza juzi saa tatu usiku. Saa nne na dakika kumi, nikiwa pale kwenye karani wa sensa, giza! Chumba cha tatu wakapiga kelele, LUKU imeisha. Safari hii zamu ilikuwa ya kwetu, na mama alikuwa ameshalala. Nikatazama kioo. Kilikuwa kinawaka. Nikaendelea kuandika, na asubuhi ndiyo nikanunua umeme.

Kioo changu hakichomoki, lakini hakizimi. Haya, na wewe daftari lako litasemaje? Tukutane wiki ijayo hapa hapa, panapo majaliwa.